Uhuru Uliopaa kutoka Ungwana

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri makala ya Kiingereza juu ya nyota, iliyokusudiwa vijana wa sekondari. Si kazi niliyoisomea. Falaki nimeijulia vitabuni, kimoja baada ya kimoja, kama nilivyokijulia Kiingereza chenyewe, na kila neno la taaluma nililiendea kwa hadhari, kama apitavyo mtu mwambani maji yakiwa yametoka. Katikati ya makala nikakutana na neno ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Liliandikwa kwa herufi za mlazo, jinsi yaandikwavyo majina ya vyombo: Uhuru. Nikaliacha kama lilivyo. Tafsiri iliponirudia kutoka kwa mhariri, neno lile lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Hili umelitia wewe. Rejea asili."

Nilirejea asili, nikamwonyesha. Akacheka, nami nikacheka. Lakini kicheko kilipokwisha niliona kwamba kosa lile halikuwa lake peke yake. Mtu aliyezaliwa katika Kiswahili, akala kwa Kiswahili, alikuwa tayari kuamini kwamba mtafsiri amedanganya kuliko kuamini kwamba neno la lugha yake limo katika historia ya elimu ya nyota. Nami, nilipojiuliza kwa uaminifu, sikuwa bora kuliko yeye. Nilikuwa nimekwisha kupindukia miaka arobaini, nimezaliwa mwaka ule ule wa 1970 chombo hicho kiliporushwa, na mpaka siku ile ya kutafsiri sikuwa nimesikia mtu barazani, shuleni wala redioni akikitaja.

Basi nimeona niiandike habari yake hapa, kwa wasomaji wa ushairi, kwa kuwa ni habari ya neno kabla ya kuwa habari ya chombo.

Uhuru ni jina la setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka katika Ghuba ya Ungwana, upande wa kaskazini wa Malindi, karibu na kijiji cha Ngomeni. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya kutazama eksirei zitokazo angani. Kabla yake wanadamu walikuwa wameuona upande huo wa mbingu kwa kuchungulia tu. Baada yake, mbingu ilipata ramani mpya, na ndani ya ramani hiyo mlikuwamo vitu ambavyo hakuna baharia, mnajimu wala mshairi aliyepata kuviota.

Eksirei tunayoijua sote ni ile ya hospitali, ipitayo katika nyama ikaonyesha mfupa. Ni jamaa ya nuru ya kawaida, ila ina nguvu nyingi zaidi na jicho haliioni. Vitu vyenye joto la mamilioni ya digrii huitoa kwa wingi. Lakini hewa iliyoizunguka dunia, ambayo ni sitara yetu, huimeza eksirei yote itokayo angani kabla haijafika ardhini. Kwa sababu hiyo, wazee wetu walioongoza majahazi kwa nyota, waliohesabu siku za Nairuzi, waliokitazama Kilimia wakajua majira ya kulima, na waliozitaja kwa majina Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, waliisoma mbingu kwa ustadi mkubwa, lakini waliisoma kurasa zile tu ambazo hewa iliziruhusu kupita. Na wataalamu wa Ulaya wenye darubini kubwa walikuwa katika hali hiyo hiyo. Anayetaka kuona eksirei za mbinguni hana budi kutoka nje ya hewa.

Wa kwanza kutoka kwa mafanikio makubwa walikuwa watu wa kampuni ndogo ya Cambridge, Massachusetts, huko Marekani. Mkuu wao katika kazi hiyo alikuwa kijana wa Kiitaliano, Riccardo Giacconi, aliyezaliwa Genoa mwaka 1931. Nyuma yake alikuwapo mzee Bruno Rossi, mwanafizikia aliyeikimbia Italia mwaka 1938 wakati wa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Usiku wa tarehe 18 Juni 1962, katika jangwa la New Mexico, walirusha roketi ndogo yenye vipokezi vya eksirei. Walisema wanautafuta mwezi, ili waone kama miale ya jua ikiupiga hutoa eksirei. Roketi ilikaa juu ya hewa kwa muda usiofika dakika sita, kisha ikaanguka. Eksirei ya mwezi haikuonekana. Badala yake, kutoka upande wa kundi la Akarabu, yaani Nge, vipokezi vilipata mmiminiko wa eksirei ambao hakuna aliyeutazamia. Palikuwa na kitu huko kilichotoa eksirei kupita nuru yake ya kawaida, jambo ambalo jua letu halikaribii kulifanya.

Ugunduzi wa dakika sita! Kwa miaka minane iliyofuata watu waliendelea kurusha roketi na maputo, kila safari wakirudi na dakika chache, na orodha ya vyanzo vilivyojulikana ikafika makumi machache tu. Ilikuwa kama mtu anayetaka kuijua bahari kwa kuzama bila kifaa, akiibuka kila mara pumzi inapomwishia. Giacconi na wenzake walitaka chombo kitakachobaki huko huko, kiizunguke dunia mchana na usiku, kiipekue mbingu yote pole pole. Pendekezo lao la mwaka 1963 ndilo lililozaa, baada ya miaka saba, setilaiti yenye uzito wa kilo zipatazo 140.

Hapo ndipo njia yao ilipofika pwani yetu, na ilifika kwa sababu mbili za kimaumbile. Ya kwanza ni kwamba dunia, kwa kujizungusha kwake, huenda kasi zaidi katika ikweta kuliko mahali pengine popote, takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irushwayo kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupewa kasi hiyo bure, na roketi ya Scout iliyokusudiwa kutumika ilikuwa ndogo, ikihitaji kila msaada. Ya pili ilihusu chombo chenyewe. Juu ya Atlantiki ya Kusini, upande wa Brazili, yako maeneo ambamo chembechembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka karibu zaidi, na kipokezi cha eksirei kipitacho humo hujaa makelele kisisikie kitu. Setilaiti izungukayo juu ya ikweta hulikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa.

Wamarekani hawakuwa na kituo cha kurushia roketi katika ikweta. Waitaliano walikuwa nacho. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, mhandisi wa anga na jenerali wa jeshi la anga, alikuwa amejenga katika Ghuba ya Ungwana majukwaa mawili ya chuma yenye miguu iliyosimama sakafuni mwa bahari: San Marco, la kurushia roketi, na Santa Rita, la kuongozea. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha kutoka hapo setilaiti yao, San Marco 2. Kwa hiyo Wamarekani waliipakia setilaiti yao, wakaja nayo Kenya, na Waitaliano wakawarushia. Wageni kuja Malindi kuomba njia si jambo geni katika historia. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga huko huko, na mtawala wa Malindi akampa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Kwa mara ya pili, kutoka maji yale yale, chombo cha wageni kilipata njia ya kwenda mahali ambapo wenyewe hawakuwahi kufika.

Msimamizi wa mradi kwa upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa nchi yake kuongoza urushaji wa setilaiti. Katika karatasi za serikali chombo kiliitwa SAS-A, na kikisha kuruka kiitwe Explorer 42. Majina ya karani hayo. Lakini siku ya kurushwa iliangukia tarehe 12 Desemba, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba tangu ipate uhuru wake mwaka 1963. Kwa kuikumbuka siku hiyo, na kwa kuwashukuru wenyeji kwa ukarimu wao, chombo kikaitwa Uhuru.

Nisimame hapa kidogo juu ya neno, maana ndilo lililonileta.

Leo tukilisikia neno uhuru tunaona bendera. Lakini bendera ni ya juzi. Asili yake ni Kiarabu, hurr, mtu asiye mtumwa, na kwa karne nyingi katika pwani yetu neno huru lilikuwa hukumu juu ya mwili wa mtu mmoja mmoja: huyu huru, yule si huru. Malindi yenyewe, katika karne ya kumi na tisa, ilikuwa mji wa mashamba makubwa ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Hesabu, msomaji. Mtu aliyezaliwa utumwani karibu na Malindi mwaka 1900 alikuwa na miaka sabini siku ile ya Desemba 1970. Hapana muhali wowote kwamba alikuwapo mmoja wao, ameketi kibarazani, akausikia mvumo ukitoka baharini.

Kisha katika miaka ya hamsini neno likapanuka. Likaacha kuwa hali ya mtu mmoja, likawa dai la watu wote. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 lilipandishwa mpaka kileleni Kilimanjaro, Luteni Alexander Nyirenda alipowasha mwenge na kusimika bendera ya Tanganyika, na kilele kile kikabeba jina hilo mpaka leo. Oktoba 1970 ulianza ujenzi wa reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, nayo watu wakaiita Reli ya Uhuru. Miezi miwili tu baadaye neno hilo hilo likapanda kilomita zaidi ya 500 juu ya bahari.

Na lilipanda kutoka Ungwana. Sidai kwamba najua asili ya jina la ghuba hiyo. Nasema tu kwamba sikio la mshairi haliwezi kulipita bila kugeuka. Muungwana, kwa watu wa pwani, alikuwa ndiye kinyume cha mtumwa: mtu aliyezaliwa huru, ambaye hakuhitaji hati ya kuachwa. Uhuru hupewa au hutwaliwa. Uungwana watu walisema huzaliwa nao. Wazee wetu walizitenganisha hali hizo mbili kwa ukali, hata aliyeachwa huru hakuitwa muungwana kwa urahisi. Wageni waliochagua jina bila shaka hawakuyajua haya. Lakini lugha hukumbuka hata kwa niaba ya wasioijua.

Turudi angani. Setilaiti ilizunguka dunia kila baada ya dakika 96, ikijipindua yenyewe taratibu, duru moja kwa dakika kumi na mbili hivi. Ilikuwa na vipokezi viwili vilivyopeana migongo, kimoja kikitazama huku na kingine kule, na kwa kujipindua huko vilifagia mbingu ukanda kwa ukanda. Njia yake haikuiacha ikweta zaidi ya digrii tatu. Maana yake ni kwamba ilipita katika anga la kaskazini mwa visiwa vyetu zaidi ya mara kumi kila siku, kwa miaka. Wazazi wetu walikuwa chini yake, wakichuma karafuu na kupanga foleni za unga, nao hawakujua.

Iliona nini? Nitataja mambo matatu, kwa kuwa ndiyo yaliyobadilisha elimu.

La kwanza lilitoka katika kundi la kusini ambalo Wagiriki waliliona ni kiumbe nusu mtu nusu farasi. Humo palikuwa na chanzo kilichoitwa Centaurus X-3. Uhuru iligundua kwamba eksirei zake hazimiminiki sawasawa, bali hudunda, dundo moja kila baada ya sekunde 4.8, kama ngoma isiyochoka. Na kila baada ya siku mbili na kitu, ngoma ile ilinyamaza kwa muda wa karibu nusu siku, kisha ikarudi. Kunyamaza huko ndiko kulikofumbua fumbo. Kilichodunda kilikuwa kikipita nyuma ya kitu kikubwa zaidi na kusitiriwa nacho, kama mwezi uingiavyo kivulini. Kumbe ni nyota mbili zinazungukana. Moja ni kubwa na hai. Ya pili imekwisha kufa: mabaki ya nyota iliyolipuka, uzito wake kupita uzito wa jua letu, nao umesongwa ndani ya tufe ambalo upana wake hauzidi masafa ya mji mmoja. Nyota mfu humvuta mwenzake gesi yake, na gesi hiyo iangukapo juu yake hupata joto la mamilioni ya digrii, ndipo eksirei zikatoka. Kabla ya hapo wataalamu walidhani nguvu ya nyota hutoka katika moto wa moyoni mwake. Uhuru iliwaonyesha kwamba kuanguka tu, kuanguka kwenye shimo la kutosha, hutoa nguvu kupita moto huo.

La pili lilitoka katika kundi la Batamaji, Cygnus kwa lugha ya wanafalaki. Chanzo cha Cygnus X-1 hakikudunda kwa mpango. Kilitapatapa, kikibadilika katika muda mfupi kuliko sekunde. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja upesi kuliko nuru iwezavyo kukivuka. Kwa hiyo kitu kile kilikuwa kidogo mno. Wanafalaki wa redio walisaidia kupajua mahali pake hasa, na pale pale palikuwa na nyota kubwa ya buluu. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, kila upande kwa darubini yake, waliikuta nyota hiyo ikiyumbishwa kila baada ya siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana. Walipoupima uzito wa mwenzi huyo, ulipita kiasi ambacho nyota mfu ya kawaida huweza kustahimili. Jibu lililobaki lilikuwa moja, nalo lilikuwa limekaa vitabuni kama hesabu tu: shimo jeusi, mahali ambapo uvutano ni mkubwa kiasi cha kuzuia hata nuru isitoke. Stephen Hawking, aliyetumia maisha yake kuyaandika mashimo hayo, aliweka dau mwaka 1974 na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 silo. Mwaka 1990 alikiri kwamba ameshindwa. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinasema lina uzito wa majua yapatayo 21, na kwamba liko umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 7,000. Eksirei ambazo Uhuru ilizipokea zilianza safari kabla hapajakuwapo mtu hata mmoja wa kusema Kiswahili. Zilipofika, zilipokewa na chombo chenye jina la Kiswahili.

La tatu lilikuwa kubwa kuliko yote kwa ukubwa wa umbo. Galaksi, yaani miji ya nyota, hukaa kwa makundi ya mamia na maelfu. Uhuru iliona eksirei zikitoka katika makundi hayo, si kutoka galaksi moja moja, bali kutoka katika nafasi iliyo baina yao, ambayo watu waliidhania tupu. Utupu huo umejaa gesi nyembamba yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na uzito wa gesi hiyo ukijumlishwa huupita uzito wa nyota zote za galaksi zile. Ndiyo kusema, sehemu kubwa ya vilivyomo katika makundi hayo ilikuwa haijapata kuonwa. Na hata gesi hiyo ingelikwisha kutawanyika zamani kama hapangelikuwa na uvutano wa kitu kingine kuizuia, kitu ambacho wataalamu wanakiita maada ya giza, na ambacho mpaka leo hawajui ni nini.

Betri za Uhuru zilikufa Machi 1973. Chombo kiliendelea kuzunguka kimya mpaka Aprili 1979, kiliposhuka katika hewa na kuungua. Lakini mwaka mmoja kabla, 1978, orodha yake ya nne na ya mwisho ilikuwa imechapishwa, ikiwa na vyanzo 339. Kila kimoja kilipewa nambari inayoanza na 4U. Nne ni ya orodha. U ni ya Uhuru. Majina hayo hayajafa. Mtaalamu wa Japani, wa Uholanzi au wa Bara Hindi akiandika leo juu ya nyota yenye usumaku wa kutisha iitwayo 4U 0142+61, anaandika herufi ya kwanza ya neno letu, ajue asijue.

Giacconi aliendelea. Alitangulia katika kujenga darubini ya eksirei iliyorushwa mwaka 1978, akapendekeza pamoja na Harvey Tananbaum ile iliyokuja kuitwa Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, na tangu 1981 hadi 1993 akaiongoza taasisi ya Baltimore inayosimamia kazi ya darubini ya Hubble. Taasisi hiyo hiyo ndiyo inayoiendesha darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Guyana ya Kifaransa, nako ni karibu na ikweta, ambayo sasa inapima hewa za sayari zinazozunguka majua mengine. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Alifariki Desemba 2018. Ungwana yenyewe ilirusha jumla ya setilaiti tisa, ya mwisho mwaka 1988. Majukwaa yakanyamaza, na kituo cha Waitaliano kikabaki nchi kavu, kikisikiliza setilaiti za wengine zipitazo.

Nilipokwisha kuyajua haya yote nilipatwa na uchungu, na uchungu wa mshairi hutafuta vina. Nikaandika ubeti huu:

Neno letu lilipanda, kwenye ghuba ya Ungwana,
Wageni wakalipenda, wakalitwika dhamana,
Kwa miaka likaranda, na yasoonwa kaona,
Nasi hatukulilinda, wala hatukuliona.

Ubeti umekaa nami muda mrefu, na sasa nauona una haki nusu. Ni kweli kwamba hesabu ya siku ile haikuwa sawa. Marekani ilipata elimu, Italia ilipata heshima ya kurusha, na mwenyeji alipata jina. Ukarimu ulilipwa kwa neno, nalo lilikuwa neno la mwenyeji mwenyewe. Mtu anaweza kuuliza kama hayo ni malipo. Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake ya kuipiga picha ardhi, ikaiita Taifa-1. Nayo ilirushwa kutoka California. Uhuru wa Wamarekani ulipaa kutoka Ungwana, na Taifa la Wakenya likapaa kutoka Marekani. Anayetaka kucheka na acheke, anayetaka kulia ana sababu.

Lakini ubeti wangu unakosea unaposema hatukulilinda. Neno halilindwi kwa kufungiwa sandukuni. Hili lilitoka Arabuni, likavaa kiambishi chetu, likapita katika hati za watumwa walioachwa, likapanda mlima, likalaza reli, na kila lilipopita lilirudi na maana zaidi. Angani pia lilikwenda likachuma. Kilichobaki ni kwamba chumo lake limewekwa katika lugha nyingine, na kulileta nyumbani si kazi ya Waitaliano wala ya Wamarekani. Ni kazi yetu tunaojidai kuipenda lugha hii. Msamiati si udhuru, kwani umo mwingi zaidi ya tudhanivyo: shimo jeusi, maada ya giza, mwaka wa nuru, burji, mnajimu, falaki, na eksirei tuliyokwisha kuipa sauti yetu wenyewe. Tumeweza kuyaeleza mambo haya kwa kurasa hizi chache, na sidhani kama msomaji ameona kwamba lugha imepungukiwa. Aliyepungukiwa, mara nyingi, ni sisi wenye kuitumia, tunaolinyima neno imani hata tukilikuta limeandikwa, tukadhani mtu amelitia.

Makala ile ya vijana ilichapishwa hatimaye. Mhariri aliliacha neno, akaniomba niandike maelezo mafupi chini ya ukurasa. Niliandika mstari mmoja, ambao haumo katika Kiingereza: "Uhuru ni neno la Kiswahili, chombo hiki kiliitwa kwa lugha yetu, kikarushwa kutoka pwani yetu."

Hilo, kweli, nililitia mimi.